Kombe la Mjomba

Watu wa Mtwara tukisema "Nangwanda" tunamaanisha uwanja. Wachache wa rika langu wanajua kwamba Lawi Nangwanda Sijaona alikuwa waziri wa Mwalimu Nyerere, na kwamba aliongoza Umoja wa Vijana wa TANU enzi za Operesheni Vijana, ile iliyopiga marufuku sketi fupi na suruali za kubana kuanzia Januari 1969. Siku ya mechi, suruali za kubana zimejaa jukwaani kwake. Hata hivyo jina lipo, kwa sababu limeandikwa ukutani.

Jina la mjomba wangu halikupata ukuta. Lilipata kombe la bati, mbuzi mmoja na mpira mpya, kila mwaka korosho zikishauzwa, kijijini kwetu karibu na mdomo wa Ruvuma. Alikuwa mvuvi na beki wa kati. Bahari ilimchukua akiwa na miaka 29, wenzake wa timu wakaanzisha ndondo ya kumkumbuka. Kwetu mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba, kwa hiyo mimi, mpwa, ndiye niliyekuwa nakabidhi kombe tangu nikiwa darasa la tatu, nimevaa viatu vya kuazima.

Timu zilitoka Msimbati, zilitoka Mahurunga, na zilitoka ng'ambo. Vijana wa upande wa Palma walivuka kwa mitumbwi, jezi ndani ya mifuko ya rambo, wakalala majumbani mwetu. Hakuna aliyewaita wageni. Kimakonde ni kilekile, na nusu yao walikuwa na shangazi huku. Walitufunga mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri, na mbuzi wetu kadhaa wamepanda mtumbwi wakilia.

Oktoba 2017 Mocímboa da Praia ilishambuliwa. Oktoba 2020 ikawa zamu ya Kitaya, upande wetu huu. Machi 2021, Palma yenyewe. Nani angekusanya vijana uwanjani wakati kila mtumbwi usiofahamika unakimbiza watu? Hakuna aliyetangaza kwamba kombe limekufa. Mwaka ule tuliahirisha. Uliofuata hakuna aliyeuliza. Ikabaki hitima, na hitima wanakuja ndugu tu.

Jina hufuata mfuko, nadhani. Kombe la Gossage, lililoanza 1926 kati ya Kenya na Uganda, Tanganyika ikajiunga baadaye, lilibeba hadi miaka ya 1960 jina la mtengeneza sabuni wa Uingereza.

Mwaka jana vijana walimfuata mama. Kuna mheshimiwa atatoa jezi, mipira, hata ng'ombe badala ya mbuzi, ilimradi mashindano yaitwe kwa jina lake.

"Amefariki lini?" mama akauliza.

"Yuko hai, mama."

"Basi mwacheni kwanza," akasema, akaendelea kubangua korosho zake.