Ushujaa wa Mfungua Njia

Kwetu Meru mvua ya masika ikikata barabara, mazao huoza shambani. Ndipo mimi humheshimu sana mfungua njia. Wengi hudhani nishani ya vita ni ya mpiga bunduki tu. Sivyo. Mwaka 1941, katika Uhabeshi, Premindra Singh Bhagat, mhandisi wa jeshi la India mwenye umri wa miaka 22, aliondoa mabomu yaliyotegwa na Waitaliano njiani, mahali 15, mwendo wa maili 55, kwa siku 4, tangu alfajiri hata magharibi. Mara mbili gari lake lililipuliwa. Kiwambo cha sikio kikatoboka, naye akakataa kupumzishwa. Akatunukiwa Victoria Cross. Basi tuwasifupo mashujaa, tusimsahau aliyetangulia ili wengine wapite salama.