Askari Niliowaua kwenye Kunde

Nyuma ya nyumba yetu hapa Goba mke wangu amepanda kunde. Mwaka juzi, masika ilipokatika na jua kuanza kukolea, wadudu mafuta walizivamia. Waliganda kwenye machipukizi na maganda machanga, weusi kama masizi. Majani yalijikunja na kunata kwa maji matamu wanayoyatoa, na sisimizi wakawa wanapanda na kushuka kuyafuata.

Katikati yao nikaona mdudu mwingine: mweusi, mrefu, ana madoa ya rangi ya chungwa, umbo kama mamba mdogo. Nikasema, huyu ndiye mkubwa wao. Nikanunua dawa duka la pembejeo, nikapulizia jioni. Asubuhi wote walikuwa chini, nami nikajisifu mezani.

Hazikupita wiki mbili, wadudu mafuta wakarudi, wengi kuliko mwanzo. Jirani yetu, mama mtu mzima aliyelima maisha yake yote, alitazama akatikisa kichwa. "Baba Mchungaji, umeua askari wako mwenyewe."

Akanipeleka kwenye kunde zake, akageuza jani. Yule mamba mdogo alikuwa anakula wadudu mafuta, mmoja baada ya mwingine. Kumbe ni mtoto wa yule mdudu mwekundu wa mviringo, mwenye madoa meusi, ambaye watoto hupenda kumtembeza mkononi. Akikua anapendeza, utotoni anatisha. Tena jike la mdudu mafuta huzaa bila dume, na mtoto wake huanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Askari hukua polepole. Ukiwaua wote kwa pamoja, anayewahi kurudi ni adui.

Usiku ule sikulala vizuri, wala si kwa sababu ya kunde. Miezi michache nyuma kulikuwa na ugomvi katika kwaya ya vijana. Kijana mmoja, aliyesuka nywele na mwenye maswali makali juu ya fedha za kwaya, alitajwa kuwa ndiye chanzo. Nilimwondoa kwenye uongozi bila kumwita nimsikilize. Akaacha kuja kanisani. Ugomvi haukuisha, ukazidi. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba jioni alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwapatanisha wenzake.

Mfano wa magugu katika Mathayo 13 niliusoma chuoni Makumira na nimeuhubiri mara nyingi. Mwenye shamba anawazuia watumishi wasing'oe magugu, wasije wakang'oa na ngano. Siku zote nilijiweka upande wa mwenye shamba. Sikuwahi kujiona mimi ndiye mtumishi mwenye mkono mwepesi.

Nilimfuata kijana yule kwenye kituo cha bodaboda pale Njia Nne. Nikamwambia, "Nilikuhukumu bila kukusikiliza. Naomba unisamehe." Alinyamaza kidogo. "Nimekusikia, Mchungaji." Abiria akafika, akawasha pikipiki, akaondoka.

Hadi leo hajarudi kwenye kwaya. Kunde zimepona; siku hizi tunawasugua wadudu mafuta kwa vidole na maji, na sehemu nyingine tunawaachia askari. Lakini kila Jumapili, kabla sijapanda madhabahuni, hutazama mlangoni.

Bwana, nifundishe kuuliza jina kabla sijapulizia dawa. Amina.