Chalii wa Sombetini na Bonsai Zake Tatu za Kwanza: Moja Aliiua kwa Kuipenda Sana

Kwenye simu yake kuna picha moja ambayo kila akifuta picha ili apate nafasi, hiyo anairuka. Ni ya Aprili 2020. Miti mitatu midogo imepangwa juu ya ukuta mfupi wa uani, Sombetini. Mmoja uko kwenye kopo la rangi lililokatwa katikati, mwingine kwenye beseni lililopasuka, wa tatu kwenye bakuli la udongo. Waya zimezungushwa hovyo kama mtu anayefunga mzigo kwenye bodaboda. Siku ile aliitupia status na kuandika "bonsai zangu". Leo akiiangalia anacheka peke yake.

Mwezi huo hakuwa na cha kufanya. Chalii ni dereva wa watalii, na watalii hawakuwepo. Corona ilikuwa imeingia, na Aprili 11 Tanzania ikasimamisha ndege za abiria za kimataifa. Magari ya safari yakalala Arusha nzima. Ofisini wakamwambia asubiri, atapigiwa. Basi akabaki nyumbani na bando lake, na katika kuzungukazunguka YouTube akaangukia video ya mzee wa Kijapani anapunguza mizizi ya msonobari taratibu, kama anamkata mtoto kucha. Akaitazama mpaka mwisho. Kesho yake akatoka kutafuta miti.

Wa kwanza ulikuwa msaipresi mdogo alionunua kwa wauza maua wa kando ya barabara. Huo ndio aliupenda kuliko yote, na ndio aliouua. Aliupanda kwenye udongo mweusi uliokandamana, akaupunguza mizizi, akaukunja na kuufunga waya, vyote siku moja. Halafu akawa anaumwagilia asubuhi, mchana na jioni. Mkewe akasema, "Baba watoto, huo mti unakunywa maji kuliko sisi."

Mwezi mzima mti ukabaki kijani. Akajua mambo safi. Kumbe miti ya aina hiyo ina tabia ya ajabu: mizizi ikishaoza, majani yanaweza kubaki kijani wiki kadhaa kabla ya kuonyesha chochote. Alipogusa tawi likakatika "ka!" kama kijiti cha kibiriti, ndipo akaelewa kwamba siku nyingi alikuwa anamwagilia marehemu. Anga ilikuwa imeshafunguliwa tangu Mei 18, lakini ile simu ya ofisini nayo haikuwahi kuita. Alikuja kupata kazi kwingine kabisa, mwaka uliofuata.

Wa pili ulikuwa bogenvilia, kisiki alichookota jirani alipokata uzio wake. Huo ulishika haraka na kutoa maua mekundu mpaka wapita njia wakawa wanachungulia. Kosa lake hapo lilikuwa waya. Huku kwetu hakuna theluji ya kuulaza mti miezi mitatu, unakua karibu mwaka mzima, kwa hiyo waya ukisahaulika kidogo tu unazama kwenye gome. Alipoutoa, shina lilikuwa na makovu ya kuzunguka kama skrubu.

Hata hivyo ulipata mteja. Desemba 2021, kodi ya nyumba ikiwa imemkalia shingoni, mwenye mgahawa mmoja akampa 60,000. Aliuachia huku anajikaza. Miezi miwili baadaye akapita pale na kuukuta pembeni ya TV, umebaki vijiti, watu wanatupia vijiti vya meno kwenye chungu. Bonsai si pambo la sebuleni. Ni mti kama mti mwingine, unataka jua na upepo. Yeye alijua hilo, ila siku ya kuuza alihesabu hela akaondoka, hakumwambia mtu kitu. Hiyo inamuuma mpaka leo kuliko ule msaipresi.

Wa tatu haukuwa na thamani yoyote. Ulikuwa mtoto wa mkuyu aliouchomoa kwenye ufa wa ukuta, ile inayoota ndege wakishaacha mbegu. Mlinzi wa jirani, mzee wa Kimasai, alipouona umefungwa waya aliuliza, "Huo si oreteti?" Kwa Wamasai huo ni mti wa heshima, watu huenda kuomba chini yake. Mzee akatikisa kichwa, akaondoka.

Bakuli lake lilipopasuka, chalii akauchomeka ardhini nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yanapotokea, akausahau. Aliporudishwa barabarani, Serengeti leo, Tarangire kesho, ndiyo kabisa. Aliyemkumbusha ni mama mwenye nyumba, tena kwa ukali: "Mwanangu, njoo utoe mkuyu wako kabla haujanibomolea bafu."

Akaenda na jembe, akasimama. Shina lilikuwa nene kuliko kifundo cha mkono wake, na mizizi imekumbatia mawe. Pale ndipo alipoelewa kitu ambacho video zilikuwa zinakisema muda wote yeye akiruka: mti ukiwa kwenye chungu kidogo haunenepi. Anayetaka shina nene anauacha kwanza ardhini miaka, ule, ushibe, ndipo auingize chunguni. Yeye alikuwa ameanzia mwisho.

Masika ya 2023 akaung'oa, akaukata juu, akaupanda kwenye vile vijiwe vyeusi vyepesi vya volkano ambavyo huku Arusha vinamwagwa barabarani kuziba mashimo. Maji yanapita, mizizi inapumua. Kuna watu nchi nyingine wananunua vijiwe vya namna hiyo kwa kilo. Matawi aliyokata hakuyatupa. Mkuyu wa namna hii hushika kirahisi kwa kipande cha tawi, akapata vitoto saba.

Januari 2025 akaja mteja, mtu mwenye bustani yake nzuri upande wa Njiro. Akauzunguka mkuyu mara mbili, akataja 450,000. Binti yao alikuwa anaanza darasa la kwanza. Ada na sare ilikuwa 380,000.

Usiku wakakaa. Chalii akaanza kusimulia habari za msonobari mmoja wa Hiroshima, wa familia ya Yamaki, unaolelewa tangu 1625. Bomu la 1945 lilipiga kama kilomita tatu kutoka ulipokuwa, na mti ukapona. Sasa uko Washington. "Mti wa namna hiyo hauuzwi," akasema.

"Washington umefikaje kama hauuzwi?"

"Waliutoa zawadi kwa Wamarekani, 1976."

"Basi na wewe utoe."

"Walitoa, hawakuuza."

Mkewe akacheka, halafu akanyamaza muda mrefu. "Mimi sina shida na mti," akasema. "Shida yangu ni kwamba ule wa mgahawa uliuza ukalia. Huu ukiuuza utalia tena, na mimi ndiye nitakayekaa na wewe."

Asubuhi akampigia mteja. Akamwambia mkubwa hauendi, ila ana watoto wake wanne wa kuchagua, 35,000 kila mmoja, kwa masharti: vikae nje, visiwekwe udongo wa bustani, na yeye atakuwa anapita kuviangalia kila mwezi bila kulipwa. Mteja akasita, akakubali. Ikapatikana 140,000. Ada iliyobaki wakailipa kwa awamu, na ilikuwa kazi kwelikweli. Mwezi wa pili mkewe alikopa kwenye kikoba.

Vile vinne vyote viko hai. Mkuyu mkubwa uko palepale uani, na machalii wa mtaani bado wanamuuliza hiyo mboga itaiva lini. Karibu na shina, chini kabisa, kuna kovu moja la waya wa 2020. Angeweza kulichonga likapotea. Ameliacha.

Wadau, 450,000 mezani na ada inadaiwa, mngekuwa nyie mngeuza?