Mtoto Alisema Nini? Funzo Nililolipata kwa Chombo cha Kukazia Waya

Wengi waandikao juu ya mbinu za kufundisha huanza na nadharia, kisha hutafuta mfano wa kuifuata. Ndugu mwanachuo, naomba uniruhusu nianze na mfano, maana nadharia niliyokuwa nayo kichwani ndiyo iliyoniponza.

Mwaka 1979 nilikuwa na miaka mitatu tu kazini, nikifundisha katika shule moja ya msingi isiyo mbali na Kimamba, wilayani Kilosa. Asafiriye kwa Reli ya Kati kutoka Morogoro kwenda Kilosa huipita stesheni ya Kimamba, na akitazama nje huona nchi tambarare yenye riziki za namna mbalimbali. Kuna mashamba ya mkonge yaliyoanzishwa enzi za ukoloni; kuna wakulima wa mahindi na mpunga; na kuna wafugaji ambao ng'ombe wao huteremka katika tambarare za Mkata kutafuta malisho na maji. Watoto wa watu wote hao walikaa katika madawati yangu, na madawati yenyewe hayakutosha, kwa sababu tangu mwezi wa Novemba 1977 Serikali ilikuwa imetangaza elimu ya msingi kwa wote.

Shule yetu, kama shule nyingine nyingi za wakati huo, ilikuwa na shamba. Andiko la Mwalimu Nyerere juu ya Elimu ya Kujitegemea, lililotolewa mwezi wa Machi 1967, lilitaka shule iwe pia mahali pa kazi na uzalishaji. Sisi tulikuwa na ekari mbili za mahindi. Msimu mmoja ng'ombe waliingia usiku, na asubuhi tukakuta mabua yamelala kama mikeka. Kamati ya shule ikaamua tuzungushe ua. Tukapata nguzo za miti migumu, tukapata pia waya kuukuu iliyong'olewa katika shamba la mkonge: nyingine seng'enge, nyingine waya mtupu isiyo na miba. Mzee mmoja aliyekuwa amefanya kazi katika mashamba hayo tangu siku za manamba akatuazima chombo chake cha kukazia waya.

Hebu nikieleze chombo hicho, kwa kuwa ndicho kiini cha maneno yangu. Kilikuwa na mpini wa chuma, urefu wake kama sentimita sitini. Kichwani mwa mpini mlikuwa na ekseli fupi, na kando ya ekseli hiyo kulabu mbili zilizoushika mnyororo. Ukiusukuma mpini mbele, kulabu moja huvuta mnyororo. Ukiurudisha nyuma, kulabu ya pili hupokea na kuvuta pingili nyingine. Pingili iliyokwisha kuvutwa hairudi. Mwishoni mwa mnyororo kulikuwa na taya mbili za kuiuma waya, nazo zilikuwa na tabia ya ajabu: kadiri waya inavyovutwa, ndivyo taya zinavyozidi kuibana. Upande wa pili, chombo hufungwa kwenye nguzo ya pembeni. Mtoto mmoja akiwa peke yake aliweza kuinyosha waya ambayo watu wanne walikuwa wameivuta kwa mikono bila mafanikio.

Wiki mbili kabla ya kazi hiyo nilikuwa nimefundisha somo la nyenzo katika Darasa la Sita. Nilichora ubaoni egemeo, mzigo na jitihada. Nikataja madaraja matatu: mkasi katika daraja la kwanza, toroli katika la pili, kibanio cha makaa katika la tatu. Nikatoa jaribio, na karibu darasa zima likapata alama nzuri. Nilijisifu moyoni. Wala haikunipitikia kwamba chombo kile kilichokuwa kimelala kando ya shamba kilikuwa wenzo uleule niliouchora kwa chaki. Kwangu mimi, somo lilikuwa la darasani na ua ulikuwa kazi ya mikono. Niliwapeleka watoto shambani kama vibarua.

Siku ya kukaza waya, nilimweka kwenye mpini kijana mmoja mtoto wa mfugaji. Sitaficha sababu yangu. Wenziwe walikuwa wakinong'ona kwamba ng'ombe waliokula mahindi walikuwa wa baba yake, ingawa hakuna aliyewaona. Nami nilidhani kwamba kumfanya mtoto huyo akaze ua kwa mkono wake mwenyewe kungekuwa adabu kwake. Akasukuma mpini mara kadhaa, waya ya tatu ikainuka kutoka majanini, ikanyooka. Akaweka kiganja chake juu ya waya, akatulia kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, waya inalia. Imetosha."

Nilisikia maneno hayo kama uvivu, na pengine kama ukaidi. Nikamjibu, "Kazi yako ni kuvuta. Vuta pingili mbili zaidi." Akavuta. Kwenye pingili ya pili waya ikakatika mahali penye kutu, ikarudi kama mjeledi, ikamchana mkono kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko. Tulimfunga kwa kitambaa na kumkimbiza zahanati, akashonwa. Nilirudi nyumbani jioni nikiwa na damu yake katika shati langu, wala sikuweza kula.

Usiku ule nilifanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya na watoto kabla ya kugusa waya. Toka ekseli hadi kulabu palikuwa na sentimita 5. Toka ekseli hadi mahali mkono unaposhika, sentimita 60. Gawa 60 kwa 5, unapata 12. Mtoto akisukuma mpini kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 20, waya huvutwa kwa nguvu inayokaribia kilo 240, ukiondoa kiasi kinachopotea kwa msuguano. Waya mtupu ya chuma laini yenye unene wa milimita 2.5 hukatika kwa mvuto wa baina ya kilo 170 na 270 hivi, na hiyo ni waya mpya. Yetu ilikuwa imeliwa na kutu. Basi mtoto alikuwa amesema kweli kwa kiganja chake, ilhali mimi mwenye cheti nilikuwa nimemwamuru avunje kanuni niliyomfundisha mwenyewe.

Kesho yake baba yake alikuja shuleni. Nilijiandaa kwa lawama, na nilistahili lawama. Tulisalimiana, akaketi chini ya mwembe, akauliza swali moja tu: "Mwalimu, kabla waya haijakatika, mtoto alisema nini?"

Nikamwambia. Sikuongeza wala kupunguza. Akatikisa kichwa, akanyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba kuna jambo jingine ambalo mtoto alitaka kulisema tangu siku tulipochimba mashimo ya nguzo, ila aliogopa: ua wetu, kwa jinsi tulivyoupanga, ulikuwa unaziba njia inayopitishwa mifugo kwenda kunywa maji. Ng'ombe wakifika hapo watageuka, na wakigeuka wataingia katika mashamba ya watu wengine. Nilikuwa nimepima shamba kwa kamba, nimelichora katika karatasi, na sikuwa nimemwuliza mtu yeyote ardhi ile inatumiwaje.

Ndugu msomaji, tulisimamisha kazi kwa wiki moja. Kamati ya shule ikakutana na wazee wa wakulima na wa wafugaji, nguzo sita zikang'olewa, na njia ya mifugo ikaachwa wazi. Mimi nami nikalirudia somo la nyenzo tangu mwanzo, safari hii nikifuata utaratibu ambao nimeutumia hadi nilipostaafu. Naueleza hapa kwa kuwa waweza kukufaa.

Kwanza, niliwapa watoto kitu kabla ya kuwapa jina. Makundi yalipokezana chombo kile kikiwa hakijafungwa kwenye waya. Walikigeuza, wakasukuma mpini, wakatazama jinsi kulabu zinavyopokezana. Sikutaja neno "wenzo" hata mara moja. Nilimwomba kila mmoja aseme alichokiona kinasogea na alichokiona kimetulia. Kile kilichotulia, ndiyo ekseli, ndicho tulichokuja kukiita egemeo.

Pili, tulipima. Watoto walitumia rula kupima pande zote mbili za ekseli, wakagawanya wenyewe. Walipopata 12 walicheka, kwa sababu walielewa ghafla kwamba mmoja wao alikuwa na nguvu za watu kumi na wawili. Mmoja akauliza, "Je, Mwalimu, hizo nguvu zinatoka bure?" Hilo ndilo swali bora nililopata kuulizwa katika somo la sayansi. Tukapima tena: mkono ukisogea sentimita 60, mnyororo husogea 5 tu. Wenzo haugawi kitu bure. Unachopata katika nguvu unakilipa katika mwendo.

Tatu, tulisikiliza. Tuliifunga waya nzima isiyo na kutu, tukatundika magunia juu yake ili ikikatika isiruke, na watoto wote wakasimama kando, wala si katika mstari wa waya. Baada ya kila pingili tuligonga waya kwa kijiti. Sauti ilikuwa nzito mwanzoni, kisha ikapanda. Wale waliowahi kumwona mpiga zeze akikaza uzi wake walielewa mara moja. Kijana wetu, mkono wake ukiwa bado katika bendeji, ndiye tuliyemteua aseme ni wakati gani imetosha. Hakuna waya iliyokatika tena.

Nne, ndipo nikaandika ubaoni. Istilahi zilipokuja zilikuta mahali pa kukaa. Tukaongeza na historia kidogo, ili watoto wajue kwamba zana hazikushuka kutoka mbinguni. Niliwasimulia juu ya Joseph Glidden, mkulima wa Illinois huko Marekani, aliyepata hataza ya seng'enge mwaka 1874. Na juu ya Ernest Hayes wa kijiji cha Oturehua, New Zealand, aliyeunda vyombo vya kukazia waya kwa ajili ya wafugaji wa kondoo, huku mkewe Hannah akizunguka kwa baiskeli kutafuta wateja. Wote hao walikuwa watu wenye tatizo shambani, kama sisi.

Huenda utasema, "Shuleni kwangu hakuna chombo cha namna hiyo." Halina tatizo. Zungusha kamba mara mbili baina ya nguzo mbili, chomeka kijiti katikati ya kamba hizo, kisha kisokote. Kamba itakaza kwa nguvu itakayokushangaza, na kijiti hicho ni wenzo. Kina cha kupimwa, kina cha kusikilizwa, na ukikiachia ghafla kitakupiga vidole. Basi kina pia cha kuhadharishwa.

Nimeandika haya nikiwa mzee, na kuna sababu iliyonifanya nisiache kuyaandika. Mnamo tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilaya hiyohiyo ya Kilosa, ugomvi baina ya wakulima na wafugaji uliwaua wakulima thelathini na wanane. Siwezi kusema kwamba somo la nyenzo lingezuia msiba huo. Kusema hivyo ni kuwakosea heshima waliokufa. Ila niliposikia habari zile nilikumbuka nguzo zetu sita zilizong'olewa, nikakumbuka pia jinsi nilivyokuwa karibu kutoziona. Ua ni jambo jema. Lakini mwenye kujenga ua asiposikiliza walio pande zote mbili, hukaza kitu kingine zaidi ya waya, na kitu hicho nacho hukatika.

Ndugu mwanachuo, utakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, mkufunzi wako atakagua andalio la somo: lengo, zana, hatua, tathmini. Yote hayo ni ya lazima, wala usiyadharau. Nakuomba uongeze mstari mmoja ambao haumo katika fomu. Somo likiisha, kabla hujafuta ubao, andika katika daftari lako jibu la swali la yule mzee aliyeketi chini ya mwembe: mtoto alisema nini? Ukikuta huna la kuandika, ujue kwamba siku hiyo ulivuta tu.

Nilikutana tena na kijana yule miaka mingi baadaye katika stesheni ya Kimamba, akiwa mtu mzima mwenye watoto. Aliniamkia "Shikamoo, Mwalimu," akanyosha mkono. Kovu lilikuwapo, refu na jeupe. Niliitikia "Marahaba", na kabla sijapata neno la kuongeza, akamgeukia mwanawe mdogo akamwambia, "Huyu ndiye aliyenifundisha nyenzo." Sikumsahihisha mbele ya mtoto wake. Nakusahihisha wewe, msomaji: yeye ndiye aliyenifundisha.