Kopo la Beberu

Mjukuu wangu wa darasa la tano alirudi Jumamosi moja kutoka ziara ya shule. Walipelekwa kwenye shamba la mbuzi wa maziwa nje kidogo ya Dar es Salaam, kwa mchango ambao enzi zangu za ualimu ungenilaza macho. Akanionyesha picha kwenye simu ya mama yake: mbuzi mweupe kafungwa utepe mwekundu shingoni, watoto wamemzunguka, kofia zao za rangi moja. Nikamuuliza, "Na beberu mlimwona?"

Akanitazama, akamtazama mama yake. "Babu, beberu si mzungu?"

Mama yake alicheka. Mimi nilinuna, ingawa sina haki kubwa ya kununa. Wanafunzi wangu wa kwanza nao walikimbia mchakamchaka kila asubuhi wakiwaimba mabeberu hadi jasho liwatoke. Ila wao, kabla ya kumjua beberu wa kwenye nyimbo, walikwishamjua wa kwenye zizi la mjomba, na walielewa kwa nini mtu usiyempenda aitwe hivyo.

Nimefukua daftari langu la ziara. Ya kwanza kwenda kwa mbuzi wa maziwa wa Mgeta imeandikwa Septemba. Mwaka wameula mchwa. Nilikuwa nikiamini ni 1989. Mwenzangu niliyefundisha naye anashikilia 1991, kwa hoja kwamba siku ile alikuwa ameshaoa na mkewe ndiye aliyetufungia maandazi. Najua mbuzi hao, wa kutoka Norwei, walifika Morogoro mwaka 1983, chuo cha kilimo kikiwa hakijapewa jina la Sokoine, na 1988 wakaanza kupandishwa Mgeta kwa wakulima. Basi ni baada ya hapo. Maandazi nayakumbuka.

Kutoka Morogoro mjini unapita Mzumbe na Mlali, kisha barabara inaanza kupanda Uluguru kwa kona ambazo dereva wetu alizihesabu kwa sauti, labda kwa kujitia moyo. Watoto arobaini nyuma ya lori, wamevaa kaptura na sketi za bluu, wamezoea joto la mjini. Tulipofika juu ukungu ulikuwa umelala juu ya makinga ya kabichi na karoti, na wote wakawa wanatetemeka. Nusu yao walikuwa wametapika. Mwenyeji wetu aliwaangalia, akasema, "Mwalimu, umeniletea wagonjwa."

Tulimwita Bibi tu. Shamba lilikuwa la ukoo wa mama yake, kama ilivyo kwa Waluguru, na alilitembea kama mtu asiyetarajia kuulizwa hati. Alikuwa na mbuzi wanne wa kukamuliwa, machotara, kwenye banda la mbao lililoinuliwa juu ya nguzo. Sakafu yake ilikuwa ya vipande vya miti vilivyoachiana nafasi ya kidole, ili mavi yaanguke chini, kwato zibaki kavu, na samadi izolewe kwenda kwenye kabichi. "Huyu anakula mara moja," alisema, "mimi nakula mara mbili."

Mgeni wa Bibi hakusimama akaangalia. Kwanza kila mtoto alitumwa kwenye kinga kukata majani, akarudi na mzigo kichwani. Asiyeleta majani hakuingia bandani. Pili, mikono: maji ya moto, sabuni ya mche, kucha zinakaguliwa, na ukaguzi wake ulikuwa mkali kuliko wangu wa Jumatatu. Ndipo alipomfunga Subira, mbuzi mzee mwenye ndevu kidogo, akamwekea pumba, akachuchumaa. Michirizi miwili ya kwanza haikuingia kwenye ndoo. Aliielekeza kwenye bakuli jeusi, akalizungusha tukaangalia kama kuna mabonge, maana mabonge ni dalili ya ugonjwa wa kiwele. Kisha akatufundisha kwamba chuchu haivutwi. Kidole gumba na cha shahada vinabana juu, maziwa yasirudi kiweleni, halafu vidole vingine vinafuata kimoja kimoja kushuka. Watoto walivuta. Subira aligeuza shingo, akawatazama kwa masikitiko.

Kwenye daftari nina safu mbili: amekamua, hajakamua. Kuna msichana mmoja mwenye alama ya hajakamua ambaye nakumbuka alilia, si kwa woga wa mbuzi, bali kwa sababu zamu yake ilipofika kiwele kilikuwa kimekauka. Bibi alimpa chupa amnyweshe mtoto wa mbuzi. Sikuweka safu ya hilo.

Sasa beberu. Alifungwa mbali, ng'ambo ya korongo, upande ambao upepo hautoki. Watoto wa mjini walikuja wameshaambiwa na bibi zao kwamba maziwa ya mbuzi yananuka. Bibi alikana. "Harufu ni ya beberu. Mkae naye karibu na ndoo, mtaikuta kwenye kikombe." Ili kuthibitisha akatoa kopo la zamani la maziwa ya unga, limefungwa kwa mfuniko na kamba ya katani. Ndani mlikuwa na kitambaa alichomsugulia beberu utosini, nyuma ya pembe, mahali harufu inapotoka. Mbuzi jike akiwa na joto, ambalo hurudi kila baada ya wiki tatu hivi na kukaa siku moja au mbili, ukimfungulia kopo puani anatikisa mkia na kulia kama aliyeitwa jina. Asipokuwa na joto anageuka kando. Kwa njia hiyo Bibi alijua lini avuke korongo na lini asijisumbue, kisha akihesabu miezi mitano mbele.

Kopo lilizungushwa darasani, kama ningeweza kuliita darasa. Kuna harufu ya mkojo mkavu, ya jibini lililosahauliwa, ya kanzu ya pamba iliyolala na maji. Na chini ya hizo zote kitu kingine ambacho sijakipatia neno mpaka leo. Kijana mmoja alishika kopo kwa muda mrefu kuliko wengine, na kwa wiki nzima hakuna aliyetaka kukaa naye dawati moja. Baada ya hapo tukapewa kikombe kimoja cha bati cha maziwa yaliyochemshwa, kikapita midomo arobaini. Hayakunuka.

Wakati wa kuaga alitueleza mpango wa kopa mbuzi lipa mbuzi kwa kunyoosha kidole kuelekea nyumba ya jirani: jike la kwanza kuzaliwa alikuwa amelitoa huko. "Deni langu lile pale, linacheua."

Tulikwenda mara saba au nane. Kisha lori likafa. Kisha madarasa yakajaa watoto zaidi ya mia, na huwezi kumpelekea Bibi mmoja watoto mia. Ofisi moja ikaanza kutaka barua, na barua ya kuitikia barua. Nikastaafu.

Katika picha za mjukuu wangu kuna kamba kati ya watoto na banda. Kuna kibao: usiguse. Maziwa waliyokunywa yalitoka kwenye jokofu, yameongezwa ladha ya vanila. Waliuliza maswali matatu, mwongozaji akajibu mawili. Harufu hakuna, nilimuuliza kwa makusudi.

Mwaka juzi nilipanda Mgeta kwa daladala. Bibi alikwishafariki. Banda bado limesimama kwenye nguzo zake, limejaa makreti ya karoti, na mwanawe ana mbuzi watatu kwenye banda jipya la bati. Nikamuuliza kuhusu kopo. Hakulikumbuka vizuri. Wala beberu hana. Akiona dalili anapiga simu. Nilikuwa bado nakunywa chai pale pikipiki ilipopanda kilima, bodaboda mbele, na nyuma yake beberu kafungwa ndani ya kiroba, kichwa kimetokeza, ndevu zinapepea. Dereva alipokea pesa yake, akavua koti, akalinusa, akalitundika kwenye mti wa pichi akaondoka bila hilo.