Masaka Niliyoikuta Imebomoka

Katika mchezo wangu wa Vita vya Kagera, mji wa Masaka, Uganda, ulianza ukiwa magofu tayari. Kuta nilizichonga kwa sponji ngumu, nikazipaka masizi, na kila aliyeiona meza alizisifu. Kanuni zangu hazikusema nani aliyezibomoa. Mimi nilimjua.

Ni mchezo wa mezani: askari wa milimita 15, vifaru vinavyoenea kiganjani, dadu, na futi ya kupimia mwendo. Wanaoucheza sana ni Wazungu, nao hupenda vita vya Napoleon na vya Hitler. Mimi ni Mhaya, nikataka vyetu. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera Oktoba 1978, yakaua raia, yakaswaga ng'ombe kuvuka mpaka, yakalipua daraja la Kyaka. Kwetu habari hizo husimuliwa mpaka leo, na kanuni zangu niliziandika kwa hasira ya kurithi.

Fahari yangu ilikuwa usahihi. Lori langu la kurushia makombora, BM-21, lile ambalo Waganda waliliita saba saba, lina midomo 40, nimeihesabu. Mapigano ya Lukaya niliyapenda kupita yote. Machi 10, 1979, kwenye barabara iliyokatiza kinamasi, Brigedi ya 201 ya Tanzania, yenye mgambo wengi wasiozoea vita, ilikutana na Waganda na Walibya waliowasaidia, ikavurugika. Usiku huohuo Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa ilikuwa inazunguka mbali, na alfajiri ikawashambulia Walibya kutoka ubavuni na nyuma. Mchezaji lazima aamue gizani kama angoje au apige. Nilitunga kadi za matope, kadi za redio kukatika, hata kadi ya mgambo anayeshtuka na kutupa bunduki. Nilimpa mgambo moyo wa mtu, na bado nadhani kadi ile ni nzuri.

Masaka haikupata kadi hata moja.

Habari yake nilikuwa nimeisoma kwa Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi waliofuatana na majeshi yetu na kuchapisha kitabu mwaka 1982. Mji uliangukia mikononi mwetu Februari 24, 1979. Baada ya kuuteka, askari wetu waliyalipua majengo yake kulipiza kisasi cha Kagera. Mji wa Mbarara nao ukafanywa vivyo hivyo. Niliufunga ukurasa ule nikaendelea kupaka rangi vifaru. Nilijiambia kwamba hayo hayahusu mbinu za vita, na kwamba yangemchanganya mchezaji. Uongo. Nilitaka wachezaji wa upande wetu wainuke mezani wakiwa safi.

Mume wa dada yangu ni Muganda, mzaliwa wa Masaka. Jumapili moja nilimwekea meza, nikampa achague upande, akachagua Tanzania huku akicheka. Aliyatazama magofu akaniuliza, "Shemeji, huu mji umevunjwa na nani?"

Nikamjibu kwamba ni Amin, alipokuwa anarudi nyuma.

Sikuteleza ulimi. Nilikuwa na muda wa kufikiri, kwa sababu yeye huuliza taratibu na hungoja jibu. Akasema duka la baba yake lilisimama mpaka Watanzania walipofika. Badala ya kunyamaza, nilibisha. Nilimweleza mtoto wa Masaka habari za Masaka! Nikamtajia Kyaka, nikamtajia waliouawa kwetu, kana kwamba maiti za Kagera ni risiti ya duka la baba yake. Dada yangu akaita chakula kiko tayari.

Wiki iliyofuata nilimpigia simu, nikamwambia kitabu ninacho na nilikisoma zamani. Akasema, "Najua, shemeji. Nilikiona kwenye rafu yako."

Sasa Masaka inaanza ikiwa nzima, na anayeiteka hutupa dadu kila zamu kuwazuia askari wake wasiilipue. Kila akishindwa, anaondoa jengo kwa mkono wake mwenyewe. Kama mchezo, haupendezi: zamu zinakwenda polepole, na rafiki zangu huomba turuke twende Lukaya. Mara nyingi nakubali.