Sinema Iliyoungua Mara Mbili

Tunalo deni kwa wanafunzi wetu, nasi twataka kulikiri hapa.

Miaka michache iliyopita tuliwaonyesha sinema ya Mateso ya Yoana wa Arc, kazi ya Carl Theodor Dreyer, mtu wa Denmark. Muziki mtamu ulijaa darasani, na wengine walitokwa na machozi. Tukawaambia: «Ndivyo Dreyer alivyoitengeneza.» Kumbe sivyo.

Dreyer aliimaliza mwaka 1928. Ni sinema isiyo na sauti, na karibu yote ni nyuso tu: uso wa Falconetti, mwigizaji wa Yoana, na nyuso kavu za mahakimu wake. Kabla haijaonyeshwa Paris ilikatwa vipande pasipo idhini yake. Na wakuu wa Kanisa walikuwamo katika shauri hilo, jambo ambalo sisi Wakatoliki hatuna haja ya kulificha. Mwezi wa Desemba mwaka uleule, ukanda wa asili ukateketea kwa moto huko Berlin. Dreyer akaokota picha alizokuwa ameziweka kando, akaiunda upya. Nayo ikaungua mwaka 1929. Yoana mwenyewe alichomwa moto Rouen mwaka 1431. Ni nani asiyeshangaa?

Mwaka 1951 Lo Duca alipata nakala ya ile kazi ya pili. Akaitia muziki wa Bach na wa Vivaldi, akabadili maandishi. Dreyer hakupendezwa hata kidogo, lakini ndiyo iliyoenea duniani miaka mingi, na ndiyo tuliyowaonyesha wanafunzi. Dreyer akafariki mwaka 1968.

Mwaka 1981, katika kabati la hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Oslo, nchini Norwei, yakakutwa makopo ya filimu. Humo ilikuwamo nakala ya mwaka 1928, haijakatwa.

Tulipoipata hiyo, tuliwaita tena wanafunzi wetu wa zamani. Tukaitazama kimya kabisa. Hata kikohozi kilisikika. Mwishoni kijana mmoja akasema: «Mwalimu, mimi naipenda ile ya kwanza, yenye muziki.» Hatukumgombeza, maana machozi yake ya siku ile hayakuwa ya uongo. Tulimwomba tu achukue kalamu, aandike jina la Lo Duca juu ya jalada la diski ile. Akaandika, kwa herufi kubwa.